Sura ya Nne: Nani Aliwaambia?

Chifu akivamia boma moja huko Nyamira saa kumi na moja alfajiri na kukuta mitungi ya chang'aa bado ina joto, hakuna anayeanza kwa kuuliza faini ni ngapi. Watu wanauliza: nani aliwaambia? Kisha wanaanza kuhesabiana. Kuna mgeni aliyepita jana jioni akiulizia njia. Kuna jirani aliyekosana na mwenye boma juu ya mpaka wa shamba la chai. Kuna kijana wa bodaboda aliyeleta sukari guru mifuko mitatu wala hakuuliza ni ya nini. Hakuna anayedhani kwamba chifu ana mtambo wa kunusa pombe. Kila mtu anajua kuna mtu amechoma.

Wasomaji huuliza swali hilohilo kuhusu mambo makubwa zaidi. Wazungu wachache walijuaje pa kupita kwenye milima ya Gusii? Wajerumani walipovuka mpaka mwaka 1914, habari ziliwahije kufika Kisumu? Serikali ya Nairobi ilijuaje mbunge wa zamani wa Kitutu anaongea nini na rafiki zake kwenye baa? Sura hii inajibu kwa kukaa humuhumu Kisii na Nyamira, na itatoka nje pale tu inapobidi.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usinisake katikati ya maelezo. Katika kila kisa utakachosoma hapa, habari zilikuwepo. Wachungaji waliziona, wanawake wa sokoni walizisikia, makarani waliziandika. Mambo yaliharibika baadaye, pale mtu alipotakiwa kuzielewa, na pale mkubwa wake alipotakiwa kusikiliza.

## Kazi tatu, na watu kumi na wawili

Ujasusi ni kupata kwa siri habari ambazo mwenyewe hataki uzipate. Upelelezi wa kijeshi ni tawi lake: kujua adui yuko wapi, ni wangapi, wana silaha gani na wanakusudia nini. Anayeifanya kazi hiyo tumemwita jasusi, mpelelezi au kachero, kutegemea kama tunamchukia, tunamheshimu au tunamwogopa.

Kazi yenyewe ina hatua tatu:

- Kukusanya: kuona, kusikia, kuiba barua, kusikiliza simu.
- Kuchambua: kupima kama habari ni ya kweli na ina maana gani.
- Kufikisha: kuipeleka kwa mwenye kuamua kabla muda haujapita.

Sinema huonyesha ile ya kwanza kwa sababu ina mbio za magari. Vita na tawala nyingi zimeangukia kwenye zile mbili zilizobaki.

Yeyote aliyesoma Shule ya Sabato pale Nyanchwa anaujua mfano wa zamani kabisa. Musa alituma watu kumi na wawili kuipeleleza Kanaani. Wote walipita nchi ileile, wakala zabibu zilezile, wakawaona watu warefu walewale. Wakarudi, kumi wakasema haiwezekani, wawili wakasema twende. Kukusanya hakukuwa na dosari hata kidogo, ila uchambuzi uligawanyika, na taifa zima likabaki jangwani miaka arobaini. Huko China, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kitabu cha vita kinachohusishwa na Sun Tzu kilitenga sura nzima kwa wapelelezi na kuwagawa katika aina tano. Aina ya kwanza aliyoitaja ni wenyeji wa nchi ya adui. India nako, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya kilimshauri mfalme awavishe majasusi wake nguo za wafanyabiashara na watawa, watu ambao hakuna anayeshangaa kuwaona mlangoni.

Wenyeji na wafanyabiashara: shika hao wawili, maana tutakutana nao tena.

## Macho ya egesarate

Kabla ya ukoloni, vijana wa Kigusii ambao hawajaoa hawakulala kwa mama zao. Walilala kwenye egesarate, kambi ya ng'ombe iliyokuwa mbali kidogo na makazi, mara nyingi kuelekea upande hatari ungetoka. Wageni waliiona kama zizi lenye vijana wakorofi. Ukiitazama kwa jicho la upelelezi, msururu wa ebisarate ulikuwa mstari wa vituo vya ulinzi, na kila kituo kilikuwa na vijana wenye macho makali, mbio, na sababu nzuri ya kutosinzia, kwa kuwa ng'ombe waliowalinda ndio mahari yao.

Kusoma ardhi ilikuwa elimu ya kila mchungaji, na bado ni elimu ya wachungaji hadi leo. Kinyesi cha ng'ombe kilichokauka juu lakini kina unyevu ndani kinaeleza kundi lilipita saa ngapi. Umande uliopanguswa kwenye majani upande mmoja wa njia unaeleza kuna mtu alipita kabla jua halijachomoza, na akielekea wapi. Nyasi zilizolala bila kuliwa ni za ng'ombe waliokuwa wakiswagwa haraka, kwa sababu ng'ombe anayeachwa atembee kwa hiari yake hula njiani. Kwa ishara hizo tatu, kijana wa miaka kumi na sita angeweza kurudi kambini na kusema kundi la nani limepita, limepita lini, na kama inafaa kulifuata.

Upande wa mashariki walikuwa Wakipsigis na upande wa kusini Wamaasai, na uvamizi ulikwenda pande zote. Katika vita vya Saosao, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wakipsigis walipoteza vijana wengi mikononi mwa Abagusii, na pigo hilo lilikumbukwa muda mrefu pande zote mbili. Mtu akisimama juu ya ukingo wa Manga siku isiyo na ukungu anaona kwa nini milima hii ilikuwa nusu ya ulinzi: mtu hasogei huko chini bila kuonekana.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo wanahistoria wa vita huipita haraka mno. Wanawake wa Gusii walibeba wimbi kwenda kwenye masoko ya mpakani na Wajaluo, wakarudi na vyungu na samaki. Zaidi ya hapo, Abagusii huoa nje ya ukoo, na koo zilizooana ndizo mara nyingi zilizopigana. Kwa hiyo katika kila boma kulikuwa na mke aliyezaliwa upande wa pili, mwenye ndugu aliowatembelea. Sisemi wake hao walikuwa majasusi. Nasema kwamba mzee mwenye busara, kabla ya kuamua vita, alikuwa na mtu wa kumuuliza hali ya huko.

## Mwanamke ambaye hakuwa kwenye orodha

Waingereza walifika wakiwa na taarifa za mitaani. Mengi waliyoyajua kuhusu Gusii waliyapata kwa majirani na kwa wafanyabiashara, na jirani uliyewahi kumwibia ng'ombe hawezi kukusifu. Taarifa ghafi, yaani habari ambayo bado haijapimwa, ilipanda ngazi hadi ofisini ikiwa na chuki za aliyeitoa. Septemba 1905 jeshi lao na polisi walipanda milima hii wakiwa na bunduki ya rashasha. Waliokuja mbele yao walikuwa na mikuki. Ng'ombe wengi walichukuliwa.

Mwaka 1907 kituo cha serikali kikawekwa Kisii, na ofisa kijana, Geoffry Northcote, akapewa wilaya. Wenyeji walimwita Nyarigoti. Northcote alifanya kile ambacho ofisa yeyote wa kikoloni angefanya: alitafuta machifu. Alipopata mwanamume mwenye sauti, alimchukulia kuwa ndiye mwenye neno. Katika Kitutu mwenye neno alikuwa pia mwanamke, nabii Moraa wa Ng'iti, ambaye tangu mwanzo alipinga Wazungu hadharani. Hapakuwa na siri ya kufichua. Moraa hakunong'ona. Lakini fomu ya serikali haikuwa na mahali pa kumwandika mwanamke asiye na cheo, na jambo lisilo na mahali pa kuandikwa halimfikii mkubwa.

Januari 1908, Otenyo, jamaa wa Moraa, alimchoma Northcote mkuki. Kwa upande wa Otenyo upelelezi haukuhitaji kipaji chochote: Mzungu mmoja anayesafiri na askari kwenye vilima vya Kitutu huonekana kutoka mbali. Northcote alipona. Alikuja kuwa Sir Geoffry, gavana wa Hong Kong kuanzia 1937, akikalia kiti ambacho majasusi wa Japani walikuwa wakikichungulia kila siku. Otenyo hakupona. Jeshi lilirudi, nyumba zikachomwa, maelfu ya ng'ombe yakaswagwa, na watu wengi wakauawa hadi Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akasoma telegramu na kuhoji kama kweli kulikuwa na haja ya kuua watu wasio na ulinzi kwa kiwango hicho. Mapokeo ya Gusii yanasema kichwa cha Otenyo kilipelekwa Uingereza, na dai la kurudishwa kwake linasikika mpaka leo.

Telegramu ile ndiyo hatua ya tatu kwenye orodha yetu, kufikisha. Ilifika London kweli, ila ilifika wakati maiti zilikuwa zimeshahesabiwa.

Kwa ufupi: kati ya 1905 na 1908 Waingereza walijua njia, idadi ya mifugo na majina ya wazee. Hawakujua watu walimsikiliza nani.

## Jioni ya Septemba 12, 1914

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa hiki kinastahili kufundishwa katika kila chuo cha kijeshi Afrika Mashariki, na wenyeji wa Kisii wengi hawajawahi kukisikia.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza Agosti 1914. Kusini mwa Kisii, safari ya siku chache kwa miguu, ulikuwa mpaka wa koloni la Wajerumani, Tanganyika ya baadaye. Mwezi uliofuata, Kapteni Wilhelm Bock von Wülfingen alivuka mpaka akiwa na Wazungu wapatao hamsini, askari Waafrika zaidi ya mia mbili, ruga-ruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa wasio na sare, mzinga mmoja mdogo na bunduki za rashasha. Lengo lilikuwa kuchukua Kisii, na kutoka hapo kuitishia Kisumu, mahali reli ya Uganda ilipoishia. Maofisa wa Kiingereza pale Kisii walifungasha wakaondoka. Septemba 11 Wajerumani waliingia mjini bila kufyatua risasi ya maana.

Wenyeji waliwatazama wakiingia. Jana yake walikuwa wamewatazama wale wengine wakitoka.

Habari za kuvukwa kwa mpaka ziliwahi kufika Kisumu. Askari wapatao 240 wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, pamoja na polisi walipakiwa melini, wakashuka Kendu Bay, wakapanda milima kwa miguu usiku na mchana chini ya Kapteni Thorneycroft. Asubuhi ya tarehe 12 walikuwa juu ya vilima. Mji wa Kisii umekaa kwenye bakuli, na wewe uliyewahi kushuka na matatu kuingia stendi unajua ninachosema. Aliye juu anamwona aliye chini, ila aliye chini hamwoni aliye juu mpaka asikie mlio. Bock hakuwa akiwatarajia. Alikuwa ameshika mji akasahau vilima, na kosa la namna hiyo kijana wa egesarate angechapwa kwa kulifanya.

Walipigana siku nzima. Thorneycroft aliuawa. Wajerumani walipoteza sehemu kubwa ya Wazungu wao kwa vifo na majeraha. Giza likaanza kuingia, na hapo ndipo kisa kinapopata utamu wake. Waingereza, wakiwa wamekaribia kumaliza risasi, waliamini hawawezi kuendelea, wakarudi nyuma kuelekea walikotoka. Wajerumani, wakiwa na majeruhi wengi na wakihofia kwamba kuna jeshi kubwa zaidi vilimani, wakaamini hawawezi kuendelea, wakaanza kurudi mpakani, na baadhi ya majeruhi wao wakaachwa mjini. Majeshi mawili yalikimbiana usiku mmoja, kila moja likidhani limeshindwa. Hakuna upande uliojua kwamba mwenzake naye ameondoka.

Hebu mweke mwanakijiji wa Nyaribari mlimani usiku ule. Ndiye mtu pekee katika wilaya nzima aliyekuwa na picha kamili. Aliwaona Waingereza wakienda kaskazini, akawaona Wajerumani wakienda kusini. Wakuu wa majeshi yote mawili wangelipa pesa nyingi kupata alichokuwa nacho kichwani. Hakuna aliyemuuliza.

Basi akafanya uchambuzi wake mwenyewe. Serikali imeondoka. Waliokuja kuiondoa nao wameondoka. Nabii Sakawa, aliyetoweka mwanzoni mwa karne hiyo, alikumbukwa kwa kutabiri mambo ya Wazungu, na kulikuwa na waliosema sasa yametimia. Watu wakateremka mjini. Ofisi za serikali, maduka ya Wahindi, misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ya Waadventista ya Nyanchwa, vyote vikasombwa. Ukiwalaumu, kumbuka kwamba kila walichokiona kilikuwa kweli. Walichokosa ni habari moja isiyoonekana kutoka kilima chochote cha Gusii: kwamba Waingereza walikuwa na meli ziwani, reli Kisumu, na himaya nzima nyuma yake, na kwamba kurudi nyuma usiku mmoja kwao ni jambo la kawaida vitani.

Walirudi mara moja. Walioshikwa na mali walipigwa risasi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatozwa kama faini. Halafu vijana wakaandikishwa kwa maelfu kubeba mizigo ya vita katika kikosi cha wapagazi, kile kilichoacha jina lake kwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wengi hawakurudi.

## Mengine ya vita ileile, haraka

Kisii haikuwa peke yake kwa aibu. Novemba 1914 Waingereza walishambulia Tanga kwa jeshi kubwa kutoka India. Siri ilikuwa imevuja kote, na inasimuliwa kwamba hata masanduku ya mizigo bandarini Bombay yaliandikwa yanakokwenda. Kisha nahodha wa manowari akaingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya amani yamekwisha, akawapa muda wa kujiandaa. Wajerumani wachache wakalishinda jeshi lililowazidi mara nane hivi.

Mkuu wa upelelezi wa Kiingereza katika vita hivyo alikuwa Richard Meinertzhagen, yuleyule aliyemuua Koitalel arap Samoei wa Wanandi mwaka 1905 katika mkutano uliokusudiwa kuwa wa amani. Alidai kwamba habari zake nzuri kuliko zote alizipata kwenye vyoo vya maofisa wa Kijerumani, ambao walikosa karatasi za chooni wakatumia barua, maagizo na hesabu za jeshi. Alikuwa mtu wa kutia chumvi, na wanahistoria wamemkamata akidanganya mara nyingi, hivyo kisa hiki kipokee kwa tahadhari. Lakini kanuni yake inafanya kazi hadi leo, na ndiyo sababu ofisi nyeti huchoma takataka zake.

## Serikali inapoogopa dini

Mwaka 1913, huko Alego, Onyango Dunde alitangaza kwamba amepewa ujumbe na Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani. Wafuasi waambiwe waache desturi za Wazungu, na siku itakuja Wazungu watatoweka. Dini hiyo ilishuka kusini hadi Gusii na kupata mizizi, hasa baada ya 1914, na ikajiunganisha na kumbukumbu ya Sakawa.

Kwa serikali ya wilaya hii ilikuwa kazi mpya: upelelezi wa kisiasa, yaani kuwafuatilia raia wako mwenyewe badala ya adui wa nje. Chombo chake kilikuwa chifu, chini yake wazee wa vijiji, chini yao kila mwenye kesi mahakamani aliyetaka upendeleo. Chombo kama hicho kina ugonjwa ambao haujapona popote duniani. Mletaji habari hugundua upesi kile bwana anachopenda kusikia, akakileta hicho. Ukitaka shamba la jirani, mwite mfuasi wa Mumbo. Viongozi kadhaa walipelekwa Lamu, mbali kabisa na ng'ombe, milima na lugha yao. Dini haikufa. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali iliipiga marufuku rasmi, miaka arobaini baada ya kuanza kuichunguza.

Nimejiuliza mara nyingi kama kuna ofisa aliyewahi kuuliza swali jepesi: kwa nini watu waliotozwa ng'ombe, wakachomewa nyumba na kunyang'anywa vijana, wangependa kusikia kwamba anayewatoza ataondoka? Jibu halikuhitaji kachero.

## Kutoka Mombasa hadi kwenye baa

Katika Vita Kuu ya Pili, kazi ya kukusanya ilihamia hewani. Mwaka 1942 Waingereza walihamishia Mombasa kituo chao cha kuvunja misimbo, yaani kufumbua ujumbe ulioandikwa kwa maandishi ya siri, wakakiweka katika shule ya Allidina Visram pale juu ya bahari. Kutoka kwenye madarasa hayo walifumbua msimbo wa meli za biashara za Japani. Vijana wa Gusii waliokuwa vitani na KAR hawakujua kwamba mwambao wa nchi yao unasikiliza redio za adui.

Vita vya Mau Mau vikaleta jambo jingine. Tawi maalumu la polisi, lililojulikana zaidi kwa jina lake la Kiingereza, Special Branch, liliwageuza wapiganaji waliokamatwa na kuwarudisha msituni wakijifanya bado ni wenzao. Ian Henderson alijulikana kwa mbinu hiyo, na Dedan Kimathi akakamatwa Oktoba 1956. Uhuru ulipokuja, tawi hilo lilibaki lilivyo, likabadilisha bwana tu. James Kanyotu aliliongoza kuanzia 1965 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika muda huo wote Wakenya wengi hawakuijua sura yake.

Nyamira ilipata kujua sikio la tawi hilo lina urefu gani kupitia George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki. Alikamatwa 1977 baada ya kuhoji bungeni zabuni ya mabehewa ya reli, akawekwa kizuizini hadi mwishoni mwa 1978. Mwaka 1982 yeye na Oginga Odinga walipotaka kuunda chama, akazuiwa tena. Julai 1990 alikamatwa kwenye baa jijini Nairobi pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu. Mazungumzo ya mezani na karatasi walizokutwa nazo vikawa ushahidi wa uchochezi, na mwaka 1991 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba. Wakaachiliwa 1992, wakati vyama vingi vilikuwa vimeshahalalishwa.

Kukusanya kulifaulu kabisa. Makachero walijua baa, meza na waliokaa. Uchambuzi ndio ulioonyesha nchi ilikuwa imefika wapi: wanaume wanne wakinywa na kuota serikali nyingine walihesabiwa kuwa mapinduzi. Shirika lenye kuona njama kwenye kila chupa haliwezi kutofautisha njama ya kweli ikija.

Vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, ambako watu waliteswa katika miaka ya 1980, vilipojulikana, ilibidi mfumo mzima wa ujasusi upangwe upya. Sheria ya 1998 iliunda idara mpya ya ujasusi, NSIS, ikaanza kazi 1999 chini ya Brigedia Wilson Boinett, na maofisa wake hawakupewa mamlaka ya kukamata. Anayesikiliza asiwe anayefunga. Katiba ya 2010, kifungu cha 242, ikaweka NIS mahali pa NSIS, na sheria yake ikapitishwa 2012.

## Mpaka wa Borabu

Chebilat ni soko lililopanda juu ya mpaka. Upande mmoja ni Borabu, kaunti ya Nyamira, na upande wa pili ni Sotik, kaunti ya Bomet. Wagusii na Wakipsigis huuziana ndizi, maziwa, ndama na simu za mkono wa pili, na asilimia kubwa ya wachuuzi husikia lugha zote mbili hata kama hawakiri. Kwa mtu anayetaka kujua kama wiki ijayo kuna shida, hakuna kituo kizuri kuliko hapo. Wateja wa upande wa pili wakipungua ghafla, au anayekukopesha siku zote akidai pesa zake leo, umeshapewa taarifa.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, mpaka huo uliwaka. Watu waliuawa, nyumba na maduka yakachomwa pande zote mbili, maelfu wakahama. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilichunguza ghasia za nchi nzima mwaka huohuo. Ilikuta kwamba NSIS ilikuwa imeonya mapema kuhusu uwezekano wa vurugu, na kwamba vyombo vilivyotakiwa kuchukua hatua havikujiandaa ipasavyo. Safari hii kukusanya kulifanyika na uchambuzi haukuwa mbaya. Kilichokwama ni ile hatua ya tatu.

Mwaka 2013 serikali ilianzisha Nyumba Kumi, wazo lililochukuliwa Tanzania, ambako balozi wa nyumba kumi amekuwepo tangu miaka ya TANU. Fuata sasa njia ya habari moja. Mzee wa Borabu anaona wageni watatu wasiojulikana wakizunguka malisho jioni. Anampigia naibu wa chifu. Naibu anamwambia chifu, chifu anamwambia kamishna msaidizi wa kaunti, huyo anamwambia naibu kamishna, naibu anaipeleka kwa kamishna wa kaunti, ambaye huitisha kamati ya usalama. Hapo ni milango mitano kabla ya Nairobi, na kwenye kila mlango kuna mtu anayeweza kuwa amelala, amechoka, au ana shemeji upande wa pili. Na yule mzee aliye mwanzo wa mnyororo wote, kwa miaka mingi hakulipwa mshahara wala posho ya kudumu. Salio la kupiga simu hiyo alilinunua mwenyewe.